Kutoka Dramu hadi Diski: Breki kwenye Mlima wa Mkoani

Makoongwe ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Mkoani, kusini-magharibi mwa Pemba. Ni shehia ya Wilaya ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba, na watu wake huvuka kwa mashua, ngalawa na boti za mashine wanapokwenda sokoni, hospitalini au kwenye ofisi za serikali. Chombo cha baharini hakina breki. Nahodha hutua tanga mapema, huuacha mwendo ufe wenyewe, kisha hutumia kafi au upondo mpaka chombo kiguse mchanga. Nanga kazi yake ni kukishikilia kilichokwisha kusimama.

Msafiri wa Makoongwe hukutana na breki pale anapokanyaga nchi kavu na kupanda gari, na hukutana nayo mahali inapohitajika hasa. Bandari ya Mkoani iko chini, mji uko mlimani, na ukishaupita mji barabara ya Chake Chake hupanda na kushuka, kona baada ya kona, kwa takriban kilomita 30. Vilima vya Pemba si virefu. Hata kilicho juu kuliko vyote hakifiki mita 100. Lakini ni vingi, na miteremko yake ni mikali. Miteremko hiyo, mzigo unaopita juu yake na chumvi ya bahari ndivyo vilivyoamua breki ipi ifae na ipi ishindwe.

Kabla ya motokari

Neno gari lilifika pwani kutoka India kabla ya injini, likiwa na maana ya chombo cha magurudumu kinachovutwa. Gari la ng'ombe halijapotea Pemba; bado linabeba nazi, kuni, mawe na mchanga. Breki yake ni ng'ombe mwenyewe. Mteremkoni mzigo humsukuma kutoka nyuma, naye huzuia kwa shingo na kwato, huku mwenye gari akimtuliza kwa kamba na kwa sauti. Mzigo ukizidi nguvu za ng'ombe, dawa ni kupunguza mzigo.

Mzigo wenyewe ulibadilika baada ya Aprili 1872, kimbunga kilipong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyotoa karafuu nyingi za Zanzibar. Mikarafuu inapenda vilima, na bandari ziko kwenye hori na ghuba: Mkoani, Chake Chake, Wete. Kwa hiyo magunia yaliyojaa yaliteremka kutoka mashamba ya juu hadi pwani. Mahali ambapo mali ya nchi huteremka ikiwa imepakiwa, nguvu ya kuzuia ina thamani sawa na nguvu ya kuvuta.

Ngozi, asbesto na mafuta

Motokari za kwanza duniani zilisimamishwa kwa njia ya mikokoteni: kipande cha mbao kilichosukumwa dhidi ya gurudumu. Agosti 1888 Bertha Benz alisafiri na gari la mumewe, Karl Benz, kutoka Mannheim hadi Pforzheim huko Ujerumani, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Miteremko iliila mbao ya breki, naye akamwomba fundi viatu aigongomelee ngozi. Ngozi ile ndiyo babu wa lainingi (tabaka la kusugulia la breki) zote zilizofuata.

Mwaka 1902 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Louis Renault wa Ufaransa aliipa breki ya dramu umbo ambalo magari yangelifuata kwa miaka sitini, na Frederick Lanchester wa Birmingham, Uingereza, akasajili hataza ya breki ya diski. Diski ya Lanchester ilibanwa kwa shaba. Ilipiga kelele za kukera masikio, ikaisha haraka kwa vumbi la barabara za wakati ule, na wazo likawekwa kando. Dramu, ambayo huficha viungo vyake ndani ya bakuli la chuma, ilishinda.

Mwingereza Herbert Frood, aliyeanzisha kampuni ya Ferodo, alileta lainingi ya asbesto mwaka 1908. Ilistahimili joto lililounguza ngozi na pamba. Kisha Malcolm Loughead wa Marekani akaondoa vyuma na kamba zilizounganisha pedali na magurudumu, akaweka mafuta ndani ya mabomba. Mafuta hayabonyei, na shinikizo lake hufika sawa kila upande. Duesenberg walitumia mfumo huo mwaka 1921 na Chrysler mwaka 1924, huku Ford wakishikilia vyuma na kamba hadi magari yao ya 1939.

Huu ndio mfumo uliofika Zanzibar pamoja na magari ya Uingereza: Austin, Morris, Land Rover na malori ya Bedford, chapa iliyoanza mwaka 1931. Bedford aghalabu liliingia kama injini, fremu na kichwa tu. Bodi ilijengwa na maseremala, kwa mbao, pande zikiwa wazi na mabenchi ndani, nalo likabeba watu, magunia na vikapu kwa pamoja. Breki zake zilikuwa dramu mbele na nyuma.

Ndani ya dramu

Dramu ni bakuli la chuma cha kusubu linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna brekishuu mbili, vipande vya chuma vilivyopinda kama mwezi mwandamo na kuvikwa lainingi. Dereva akikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta hadi kwenye silinda ndogo iliyo gurudumuni, pistoni zake hutoka, nazo shuu hutanuka mpaka ziguse ukuta wa dramu.

Sifa kuu ya dramu ni kwamba hujisaidia. Shuu inayoelekea upande wa mzunguko huvutwa na dramu yenyewe na kujikaza zaidi, kama kabari mlangoni. Ndiyo maana lori zito lingeweza kusimamishwa kwa mguu wa mtu bila msaada wa mashine nyingine.

Kasoro yake ni joto. Breki haiui mwendo. Huugeuza kuwa moto. Lori lenye uzito wa tani 8 likishuka mita 50 kwa mwendo usiobadilika, na breki peke yake ndiyo inayolizuia, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita 12 za maji ya kisima. Joto hilo hubaki ndani ya bakuli lililofungwa. Dramu hupanuka na ukuta wake kuzikimbia shuu, pedali hushuka chini zaidi kila ikikanyagwa, na lainingi iliyopata moto hupoteza ukali wake. Dereva aliyezoea vilima alijua dawa: kutia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini izuie na breki ikamilishe tu.

Kasoro ya pili ni maji. Pemba hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi ikinyesha katika masika na vuli. Dramu iliyopita kwenye dimbwi hukaa na maji na tope ndani, na mkanyago wa kwanza baada ya hapo haushiki. Ilikuwa desturi kukanyaga breki kidogokidogo baada ya kuvuka maji ili joto liikaushe.

Kasoro ya tatu huonekana mlimani peke yake. Magari kama Morris Minor, lililotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, yalikuwa na shuu mbili za kujikaza katika kila gurudumu la mbele. Gari likienda mbele hushika vizuri. Lakini likizimika katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma, mzunguko hugeuka, kabari hufunguka, na shuu zote mbili hupoteza msaada wa dramu. Ndiyo sababu mojawapo ya utingo kuruka chini na jiwe au kipande cha gogo, na kulitia nyuma ya gurudumu kabla lori halijapata mwendo.

Diski inarudi

Vita vya Pili vya Dunia viliirudisha diski kupitia ndege, ambazo hutua kwa kasi kubwa zikiwa na uzito mkubwa. Kampuni ya Dunlop iliihamishia kwenye magari ya mashindano. Mwaka 1953 Jaguar aina ya C lenye diski lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, likiendeshwa na Tony Rolt na Duncan Hamilton. Wapinzani wao walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema kabla ya kona, wao wakichelewa. Citroën DS ya 1955 iliiweka diski kwenye magurudumu ya mbele ya gari la kawaida la familia, na Triumph TR3 ikafuata mwaka 1956.

Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi kwa upepo. Kalipa huikumbatia kutoka pande mbili na kuibana kwa pedi. Ikipata moto hupanuka kuelekea pedi, si kuzikimbia, na upepo huondoa joto hilo upesi. Maji hayatuami juu yake, mzunguko huyatupa. Ikienda mbele au nyuma hushika sawasawa. Inachokosa ni ile kabari: diski haijisaidii. Nguvu yote lazima itoke kwenye mguu, kwenye pistoni pana za kalipa, au kwenye busta, kile chombo cha duara kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuuongezea mguu nguvu.

Afrika Mashariki ilishuhudia mabadiliko haya kwenye mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ya dramu ilishinda miaka ya mwanzo. Peugeot 404, nalo likiwa limeanza maisha na dramu pande zote, lilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mrithi wake, Peugeot 504, alikuja na diski mbele na kushinda 1975 na 1978. Magari ya kazi yalichelewa. Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 40 lilipata diski za mbele katikati ya miaka ya 1970, na Land Rover lilibaki na dramu magurudumu yote hadi One Ten ya 1983.

Jinsi diski ilivyofika Pemba

Baada ya Mapinduzi ya 1964 uingizaji wa magari ya watu binafsi ulipungua, na kwa miaka ishirini yaliyokuwapo yalitunzwa. Lainingi iliyoisha ilibanduliwa na nyingine kupigwa ribiti juu ya shuu ileile. Dramu iliyochimbika ilikerezwa mpaka ikawa nyembamba, na mpira wa silinda ukatafutwa kwenye gari lililokufa. Ustadi wa mafundi wa visiwani ulikomaa katika uhaba huo.

Mwaka 1984 Zanzibar, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ililegeza masharti ya biashara, na Tanzania Bara nayo ikaanza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Magari yaliyotumika yakamiminika kutoka Japani, mengine kwa kupitia Dubai. Japani huendesha kushoto kama Zanzibar, hivyo usukani wake haukuhitaji kubadilishwa. Daladala za njia ya 603, kati ya Chake Chake na Mkoani, zikawa ni malori madogo ya Kijapani yaliyowekewa paa na mabenchi, na magari madogo yakaja na diski mbele, dramu nyuma. Magari hayo yakichakaa huacha habu, kalipa, busta na masta silinda. Vipuri hivyo ndivyo vilivyofanya ubadilishaji wa gari la zamani uwezekane nyumbani, chini ya mwembe, kwa spana na jeki.

Kazi ya kubadilisha

Hubadilishwa magurudumu ya mbele. Gari likifunga breki uzito huinamia mbele, na breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Njia iliyo salama zaidi ni kutumia vipuri vya ndugu wa gari lenyewe. Morris Minor huchukua diski za Morris Marina, gari la 1971 lililorithi mpangilio wa mbele wa Minor. Land Cruiser la dramu huchukua ekseli ya mbele ya Land Cruiser la diski. Kabla ya kufungua nati yoyote, kalipa hupimwa ndani ya rimu, kwa kuwa rimu ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya dramu inaweza kuigusa.

Gari huinuliwa na kukalishwa juu ya stendi au magogo imara, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa. Shuu hulegezwa ili dramu itoke. Vumbi lililomo halipulizwi: lainingi za zamani zina asbesto, na unga wake ukivutwa huharibu mapafu. Hulowanishwa kwa maji na kufutwa kwa kitambaa kinachotupwa. Kisha hutoka habu, shuu na sahani ya nyuma, mpaka ibaki ekseli tupu. Hapo hufungwa mkono wa kushikia kalipa, beringi hutiwa grisi mpya, na diski huzungushwa kwa kidole karibu na chuma kilichotulia. Isiyumbe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikiyumba, pedali itapigapiga mguuni.

Makosa mengi hutokea kwenye masta silinda. Pistoni za kalipa ni pana na hudai mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu. Masta silinda ya zamani ikiachwa, pedali huweza kufika chini kabla gari halijasimama. Tena masta silinda nyingi za dramu zina vali ndogo inayobakiza shinikizo bombani ili shuu zisirudi mbali. Vali hiyo ikibaki kwenye njia ya diski, pedi huendelea kubana, diski hupata moto, na gari huwa zito kama linalovuta nanga. Kwenye Minor masta silinda hujificha chini ya sakafu, karibu na miguu ya dereva, na hutiwa mafuta kwa kuinua zulia. Anayefungua hapo mara nyingi hupata nafasi ya kuweka ya kisasa yenye njia mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, ili bomba likipasuka upande mmoja, mwingine ubaki.

Busta hufuata, kwa sababu mguu uliozoea kabari ya dramu utaona diski nzito. Injini ya petroli hutoa mvuto wa hewa kwenye manifodi yake. Injini ya dizeli huhitaji pampu ya kuvuta hewa. Mwisho hupimwa uwiano. Breki za nyuma zisikamate kabla ya za mbele, maana gari linalofunga nyuma mteremkoni hugeuka ubavu. Vali ya kupunguza shinikizo la nyuma hurekebisha hilo.

Hubaki kutoa upepo, kazi ya watu wawili na sauti moja. Mmoja hukaa kwenye usukani; mwingine hulala chini na kipande cha mpira angavu kilichochovywa kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Wa chini huamuru: kanyaga, kanyaga, shikilia. Akifungua nati ya kutolea upepo, mafuta huruka yakiwa na mapovu. Akisema achia, nati imekwisha kufungwa. Huendelea hivyo mpaka yatoke bila povu hata moja, na pedali iwe ngumu kama jiwe. Gari hujaribiwa kwanza mahali tambarare, kwa mwendo wa kutembea, kisha kwa vituo vya taratibu vya kuzoesha pedi, ndipo lipelekwe mlimani.

Chumvi na kilichobaki cha dramu

Diski haikushinda kila kitu. Kuwa wazi kwa upepo ni kuwa wazi kwa chumvi pia. Gari lililoegeshwa siku kadhaa karibu na bandari ya Mkoani hukutwa diski zake zimevaa kutu nyekundu. Mkanyago wa kwanza huifuta, lakini kutu iliyoingia kwenye pistoni ya kalipa huigandisha, na mabomba ya chuma hulika kutoka nje. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 3 huchemka yakiwa mapya kwa angalau nyuzi 205 za Selsiasi, lakini kiwango hicho huweza kushuka hadi 140 yakishanyonya maji. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali huzama bila kushika. Kwa hiyo gari la diski pwani hutaka mafuta mapya kila baada ya miaka miwili, na kalipa zifunguliwe na kusafishwa hata kama hazilalamiki.

Dramu imebaki kwenye malori mengi, ambako hewa iliyoshindiliwa imechukua nafasi ya mafuta, na kwenye magurudumu ya nyuma ya magari madogo mengi, hata yale yaliyobadilishwa. Sababu kubwa ni hendibreki. Kamba moja inayovuta shuu ndani ya bakuli hulishikilia gari lililosimama kwa urahisi kuliko kalipa. Hivyo gari la zamani linalosubiri abiria wa Makoongwe kwenye mteremko wa Mkoani huwa limeshuka kwa diski, na limesimama kwa dramu.